Wino Mwekundu wa Sista Pole

Shangazi yangu alikuwa mtu wa kuomba radhi. Alifanya kazi ya unesi katika kliniki ya meno kwa miaka thelathini na mitatu, na tangu nipate akili hakumchoma mtu sindano ya ganzi bila kumwambia pole kabla, pole sindano ikiwa ndani, na pole akishaitoa. Wagonjwa wakambandika jina la Sista Pole, likamganda hadi mganga mkuu mwenyewe akawa analitumia kwenye ratiba ya zamu. Jino langu la kwanza bovu yeye ndiye aliyelitia ganzi. Nilikuwa na miaka tisa, nikamwuliza kama inamsikitisha kiasi hicho kwa nini asiache. Alicheka hadi akalazimika kuweka trei chini.

Ni dada mkubwa wa baba yangu. Chumba chake kilikuwa cha uani, chenye kitanda cha mtu mmoja, redio, na kabati ambalo mlango wake ulifungwa kwa kipande cha bandeji. Hakuolewa. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuulizwa, ila mimi niliuliza, kwa sababu mdomo wangu hauna breki na haujawahi kuwa nazo. Kila mara alinijibu kwamba hakupata nafasi, kama mtu anayeeleza kwa nini hakupitia dukani.

Juu ya mlango wa kliniki yao kulikuwa na bango la bati lililochorwa kwa mkono: jino kubwa jeupe lenye macho na miguu, limebeba mswaki begani kama askari na bunduki yake. Jicho moja lilikaa juu kuliko lenzake. Kila Ijumaa mchana shangazi alipanda kiti akalifuta bango hilo kwa kitambaa chenye maji, herufi moja moja. Utawala ulipotaka kuweka bango jipya la kuchapwa, yeye, mtu asiyegombana hata na inzi, aliandika barua tatu za kupinga. Bango likabaki. Hata alipostaafu aliendelea kwenda kila Ijumaa na kitambaa chake kwenye mfuko wa nailoni, na manesi wapya wakampisha. Sisi nyumbani tulidhani ni ugonjwa wa usafi tu.

Mimi nilisomea kazi ya usingizi na ganzi. Kuna siku moja ya masomo yangu ambayo ningepaswa kuitilia maanani, sikuitilia. Nilikuwa mezani jikoni najiandaa na mtihani, nalalamika kwamba dawa za ganzi zote majina yake yanaishia namna moja na kichwa changu hakiwezi kuzitenganisha. Shangazi alikuwa anamenya vitunguu. Bila kuinua uso akaniambia kwamba dawa hizo zina koo mbili tu, esta na amaidi, na anayezichanganya asishike sindano.

Kisha akanieleza, vizuri kuliko mwalimu wangu. Ukoo wa esta ndio wakongwe wa kazi. Prokeini ni mmoja wao, na tetrakeini yumo humo humo. Hawa huvunjwavunjwa ndani ya damu yenyewe, na prokeini ndiye mwepesi kuisha, unaweza ukawa bado unang'oa mgonjwa akaanza kusikia. Wakivunjwa huacha mabaki fulani ya tindikali, na kuna watu wachache ambao miili yao haiyataki mabaki hayo hata kidogo. Wanavimba, wanakosa pumzi. Ukoo wa amaidi, yaani lignokeini na ndugu zake, hauvunjwi hivyo. Wao husafiri hadi kwenye ini, wakashughulikiwa huko taratibu, kwa hiyo mwenye ini bovu unampimia kwa uangalifu. Lakini mabaki yale hawayaachi, na mtu wa kuvimba kwa sababu ya amaidi yenyewe unaweza kustaafu hujamwona. Tena hukaa kabatini muda mrefu bila kuharibika, ndiyo maana kliniki zikahamia kwao moja baada ya nyingine.

"Sasa sikiliza, mwanangu," aliniambia. "Mtu akikataliwa na mmoja wa esta, amekataliwa na ukoo mzima. Amaidi hawana ugomvi naye. Usije ukamwandikia mtu kwamba hapewi ganzi. Andika jina la dawa."

Aliinuka akaanza kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani ni vitunguu. Mtihani nilifaulu, na swali la koo mbili nilipata alama zote.

Miaka ikapita nikaajiriwa katika kliniki ya macho. Jumanne moja asubuhi binti mmoja alimleta baba yake akiwa amemshika kiwiko. Alikuwa mzee mrefu, mwenye koti lililojaa madoa ya rangi ambayo hayatoki tena, na rangi ya bluu ilikuwa imebaki kwenye mizizi ya kucha zake ingawa, kwa maelezo ya binti, hajashika brashi miaka mitatu sasa, hukoroga makopo yake ya rangi tu. Watu walimwita Fundi Brashi. Alikuwa mchora mabango, wa maduka, wa shule, wa saluni, wa magereji. Mtoto wa jicho alikuwa ameziba macho yote mawili. La kulia lilibagua mwanga na giza tu, na la kushoto lilikuwa ukungu mtupu.

Nilimwuliza, kama tunavyomwuliza kila mtu, ni kitu gani anashindwa kufanya. Wengi husema kutembea peke yao, au kuwatambua wajukuu. Yeye alifikiri, akasema anachokitamani ni ukingo wa herufi, pale rangi inapokoma na ubao unapoanza. Binti akaongeza kwamba wakipita mtaani baba husimama akapapasa mabango kwa kiganja ili ajue yapi ni yake. Mimi si mtu wa kulialia kazini, lakini hapo nilijifanya natafuta kalamu.

Moyo wake haukuwa mzuri, kwa hiyo nusu kaputi ilikuwa nje ya mazungumzo. Njia ilikuwa moja, ganzi ya jicho, robo saa ya kazi, mtu anarudi nyumbani. Nilipomweleza hivyo, binti akamtazama baba, na baba akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti. Akatoa kadi ya zamani iliyovikwa nailoni. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka pembe zake zimekuwa laini kama kitambaa. Katikati, kwa wino mwekundu, paliandikwa: *Mgonjwa huyu hapewi ganzi ya aina yoyote.* Chini palikuwa na sahihi na tarehe ya miaka thelathini na moja iliyopita.

Mwandiko ule niliujua kabla sijaisoma sahihi. Ndio uliokuwa kwenye majalada ya madaftari yangu yote ya shule, na kwenye kopo la sukari nyumbani.

Nilimpelekea kadi daktari bingwa, ambaye hupita kwetu siku kumi tu za kazi kila baada ya miezi minne, akifanya macho mfululizo kisha anaondoka. Yeye alifunzwa zamani, na kadi za namna ile alizijua. Zilikuwa na sheria yake: kilichoandikwa kwa wino mwekundu hakifutwi ila na aliyekiandika, naye lazima aandike sababu, tarehe, na sahihi. Mimi nilikuwa tayari kubishana, akanizuia kwa mkono. Hakuwa anaogopa sheria, alisema, alikuwa anaogopa asichokijua. Kadi haikutaja dawa. Huenda ilikuwa esta, huenda ilikuwa moyo, huenda mtu alizirai kwa hofu tu. Aliyekuwepo siku ile ndiye anayejua kilichokuwa ndani ya bomba la sindano. Tulipiga simu kliniki ya meno wakatuambia mafaili ya miaka ile yaliliwa na mchwa. Daktari akasema yupo hadi Ijumaa ya wiki inayofuata, na kwamba jicho la kulia limeiva mno. Likisubiri miezi minne mingine presha inaweza kupanda humo ndani na kuliua kabisa.

Nilimkuta shangazi uani anakunja nguo. Nilimwambia nimempokea mgonjwa anayeitwa Fundi Brashi. Aligeuza ndoo, akaikalia.

"Anaona?" aliniuliza.

"Haoni, Shangazi."

Alianza kukunja shati la baba magotini kwake. Halafu alinisimulia, na mimi niliyekuwa najigamba kwamba namjua mtu huyu nikagundua nilikuwa namjua Sista Pole tu.

Fundi ndiye aliyelichora lile jino. Jicho moja lilipanda juu kwa sababu shangazi, akiwa na miaka ishirini na mitatu, alitokea mlangoni wakati Fundi anamalizia, na Fundi akageuka kumwangalia. Baada ya hapo alirudi kliniki mara nne akilalamikia jino ambalo haliumi. Mara ya nne mganga mkuu akamwambia aache kupoteza muda wa watu, aende akaposa. Akaenda. Wazee wakaongea, mambo yakawa yanakwenda vizuri, na kisha, kama mzaha, jino likamwuma kweli. Alitaka ganzi apigwe na shangazi, si na mwingine. Kwenye kabati palikuwa na boksi la mwisho la prokeini. Shangazi akavuta dawa, akacheka naye, akamchoma. Haikufika dakika tano midomo ikavimba, macho yakafunga, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Mganga mkuu aliingia mbio na sindano ya adrenalini ndipo Fundi akarudiwa na pumzi. Shangazi alikuwa amesimama ukutani na bomba tupu mkononi.

Jioni hiyo aliandika ile sentensi. Hakuandika jina la dawa kwa sababu wakati ule hakujua kwamba kuna tofauti. Kwake ganzi ilikuwa ganzi, na ganzi ilitaka kumwua. Mama yake Fundi alipokuja kumchukua alisema katikati ya korido, wagonjwa wote wakisikia, kwamba mikono ya msichana huyu haitamgusa mwanawe tena. Shangazi alikubaliana naye. Fundi alikuja nyumbani mara mbili, na mara zote mbili yeye alijifungia chumba cha uani akamwambia baba yangu aseme hayupo. Mara ya tatu hakuja. Alihamia upande wa pili wa mji, na baada ya miaka michache wakasikia ameoa.

"Hapo ndipo ulipoanza kusema pole," nilimwambia.

Aliendelea kukunja shati ambalo lilikuwa limekwisha kunjwa, kisha akaniambia lililobaki, na lililobaki ndilo lililonipandisha hasira. Miaka kumi na mbili baada ya tukio lile walipelekwa semina. Mwalimu akachora ubaoni koo mbili. Shangazi aliinuka katikati ya somo, akatoka, akasimama kwenye bomba la maji mpaka wenzake wakaja kumtafuta. Alijua siku hiyo hiyo. Alijua kwamba sentensi yake ilikuwa kubwa kuliko ukweli, na kwamba sindano moja ya lignokeini isingemdhuru yule mtu. Na alinyamaza. Miaka kumi na tisa.

Nilisema nisiyopaswa kumwambia mtu aliyenilea. Nilimwambia, kama binti alivyonieleza, kwamba Fundi ameng'olewa meno mawili makavu, bila ganzi. Nilimwambia miaka kumi iliyopita alikatwa na bati, akashonwa nyuzi kumi na moja huku wanaume wanne wamemlalia, kwa sababu alitoa kadi yake na watu wakaiheshimu.

"Ningebisha hodi kwa mume wa mtu nikiwa nani?" aliniuliza.

"Ukiwa nesi."

Aliinamisha kichwa. Nikamkumbusha kwamba huyo mke alifariki miaka sita iliyopita, na hata hiyo sababu imekwisha. Alikuwa anajua. Alikuwa anajua kila kitu kumhusu: mwaka aliooa, mwaka alipofiwa, mitaa yenye mabango yake. Siku za mapumziko alikuwa anatembea mitaa ile peke yake, anasoma. Kwa miaka yote hiyo tulidhani anakwenda kunyoosha miguu.

"Nikisema ilikuwa prokeini," alisema mwishoni, "ataniuliza nilijua lini."

Nilimwacha pale. Jumatano sikumsemesha, Alhamisi sikumsemesha. Ijumaa alichukua kitambaa chake akaenda kufuta bango kama kawaida, na mimi niliona ni kiroja, mtu anayesafisha macho ya jino la bati huku mwenye macho anapofuka. Jumamosi na Jumapili nyumba nzima ilikula kwa ukimya, baba akauliza kama kuna aliyefariki.

Jumatatu saa mbili nilimkuta kwenye benchi la kliniki yetu, amevaa gauni jeupe la kazi lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Aliomba aonane na daktari bingwa, na akaomba kalamu nyekundu. Alipiga mstari mmoja ulionyooka juu ya sentensi yake ya zamani, ili bado isomeke, kama sheria ilivyotaka. Chini yake akaandika polepole: *Dawa ilikuwa prokeini. Asipewe esta yoyote. Amaidi apewe akishapimwa. Nilikosea kuandika ganzi zote. Kosa hili nililijua miaka kumi na tisa iliyopita na sikulisema.* Sahihi, tarehe. Daktari aliisoma mara mbili, akamwambia asante sista, na hakuuliza zaidi.

Jaribio lilifanyika siku hiyo hiyo; Fundi nilimwambia tu kwamba kadi imefutwa na aliyeiandika, akatoa mkono. Nilitumia lignokeini ya ampuli ndogo, ya kutumiwa mara moja, si ile ya chupa kubwa, kwa sababu ya chupa kubwa hutiwa dawa ya kuihifadhi ambayo ina undugu na yale mabaki ya esta. Niliweka tone chini ya ngozi ya mkono wake, adrenalini ikiwa tayari pembeni. Nusu saa. Shangazi alikaa nyuma ya pazia akiikodolea saa ya ukutani, na sidhani kama alivuta pumzi zaidi ya mara kumi. Ngozi ikatulia tu, kama hakuna aliyeigusa. Aliniomba nisimwambie Fundi kwamba yupo, nami kwa kuwa hasira yangu ilikuwa imeshuka kidogo, nilikubali.

Kuna kazi moja katika chumba chetu cha upasuaji isiyo na cheti. Mgonjwa wa jicho hufunikwa uso kwa kitambaa, hatakiwi kuongea wala kutikisika. Kwa hiyo mtu mmoja hukaa kando yake kwenye kigoda, amemshika mkono. Akitaka kukohoa, au akisikia maumivu, anabana ule mkono, na anayeshika anamwambia daktari ainue vyombo. Mshika mkono wetu alikuwa likizo. Shangazi aliangalia mikono yake, pande zote mbili, akauliza kama itafaa.

Jumatano Fundi Brashi alikuwa mtu wa nane. Nimeeleza kwamba nilikuwa nimemsema shangazi kama mwalimu mkuu, kisha nikamnunia siku kadhaa, kwa hiyo nieleze na hili. Trei yangu ilikuwa safi, ampuli za lignokeini zimepangwa, nimezikagua mara tatu na kujisifu moyoni. Mzee akalazwa. Shangazi, amefunikwa na kofia na barakoa, akakaa kwenye kigoda akaushika mkono wake bila neno. Nami, kama nilivyowafanyia wale saba waliomtangulia, nikachukua kichupa cha matone ya kulifisha jicho kwa juu kabla ya kuliosha. Kwetu matone hayo hakuna anayeyaita ganzi. Ganzi ni sindano. Matone ni matone tu, mkono unayachukua wenyewe huku kichwa kinawaza sindano. Nilikuwa nimeshavuta kope ya chini, kichupa kiko juu ya jicho.

"Hayo matone," alisema shangazi, "ni ya ukoo gani?"

Nilisoma kibandiko. Tetrakeini. Ndugu wa tumbo moja na prokeini.

Niliurudisha mkono wangu. Daktari bingwa alinitazama juu ya miwani. Nilikitupa kichupa, nikafungua ampuli nyingine ya lignokeini, nikadondosha hiyo. Mzee alikuwa amegeuza uso kidogo kuelekea kwenye kigoda. Nilipoingiza sindano kando ya jicho nilimsikia shangazi ndani ya barakoa akisema pole. Akaisema tena ikiwa ndani. Nilipoitoa akaisema mara ya tatu, kisha akaiziba barakoa kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Jicho lilikufa ganzi vizuri kabisa. Midomo haikuvimba, pumzi iliingia na kutoka. Tukamfunika, daktari akaanza. Alikuwa katikati ya kazi, ile sehemu ambayo hata sisi tulio pembeni hatupigi chafya, shangazi aliposema kwa sauti ndogo, "Daktari, amebana."

Vyombo vikainuliwa. Daktari akamwuliza mzee kama anataka kukohoa, au kama anaumia.

"Hapana, daktari," ilitoka sauti chini ya kitambaa. "Endelea."

Daktari akaendelea. Kutoka nilipokuwa nimesimama niliviona vidole vya mzee, vile vyenye rangi ya bluu kwenye kucha, vimeukamata mkono wa shangazi hadi ngozi imekuwa nyeupe. Havikulegea mpaka mwisho, na shangazi hakutoa taarifa tena.

Siku ya pili, Alhamisi, tulimfungua bandeji. Shangazi alikataa kuingia. Alikaa nje kwenye benchi la ukutani, mfuko wake wa nailoni magotini. Binti alikuwa amekwenda dirishani kuchukua dawa. Mzee alipepesa, akatoa machozi, akatazama ukuta wa mbele. Palikuwa na bango letu la kuchapwa la kunawa mikono. Alilikagua kwa muda, akasema aliyepanga herufi zile alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Kisha akaitoa kadi. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaipata. Alisoma kwa midomo, kama watu wanavyosoma kitu kirefu, ingawa mistari ilikuwa mitano. Nilitamani nimweleze, nimtetee, niseme alikuwa mdogo, niseme aliogopa. Kwa mara ya kwanza mdomo wangu ukapata breki. Akasoma tena toka mwanzo.

"Miaka kumi na tisa," alisema.

"Ndiyo, mzee."

Alikuna kovu la mkono wake wa kushoto, lile la nyuzi kumi na moja. Akaniambia kwamba siku aliyoshonwa kulikuwa na daktari kijana aliyeisoma kadi ile akaikasirikia. Alimwambia sentensi ile ni pana mno, dawa za ganzi si za aina moja, angeweza kumpima pale pale na kumwandikia kadi mpya. Yeye alikataa. Akaomba wamshike tu, washone.

Nilimwuliza kwa nini, na nilikuwa nauliza kwa hasira.

"Anayefuta ni aliyeandika," alisema. "Nilikuwa namsubiri aje afute."

Niliufungua mlango. Alitoka peke yake bila kushikwa kiwiko, akisimama kila hatua mbili tatu kutazama sakafu, kitasa, mwanga wa dirishani. Shangazi aliinuka kwenye benchi. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote, na mgongo umeanza kuinama; alijiweka sawa gauni kama msichana anayesubiri kukaguliwa. Wakatazamana, na mimi nilipaswa kuondoka, nikashindwa.

"Pole," alisema shangazi.

Mzee alimtazama kwa lile jicho jipya, bila haraka. Sikuweza kujua kama amemsamehe, na nadhani hata yeye alikuwa hajajua. Alikunja kadi akairudisha kwenye mfuko wa ndani wa koti.

"Lile jino," alisema, "bado lina jicho moja juu?"

"Lipo vilevile. Huwa nalifuta kila Ijumaa."

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi," alisema shangazi.

"Basi ni kesho," alisema, akakaa kwenye benchi kumsubiri binti yake, akiacha nafasi ya mtu mmoja.